Ngozi Hupanda, Maji Hushuka: Safari ya Garissa Kandokando ya Mto Tana

UKITAKA kuijua Garissa, msomaji mpendwa, usianze na ramani, wala usianze na habari za kutisha ambazo wengi wetu wa mijini tumezizoea. Anza na mto. Garissa ina mto mmoja tu, nao ni Tana. Ukiuondoa mto huo hakuna mji, hakuna migomba, hakuna soko la mifugo, wala hakuna chai ya viungo inayonywewa jioni chini ya miti, jua linapolegeza ukali wake.

Kutoka Nairobi hadi Garissa ni mwendo wa karibu kilomita 370. Basi hupita Thika, likashika barabara ya Matuu, na pale Kangonde njia moja huchepuka mkono wa kushoto kwenda Embu, upande yaliko mabwawa makubwa ya umeme. Wewe unaendelea mbele hadi Mwingi, kisha Nguni, kisha Ukasi. Mibuyu inaanza kuonekana, minene na mitupu kama wazee waliovua mashati. Baada ya hapo nchi inatandaza mgongo wake. Milima inabaki nyuma, udongo unakuwa mwekundu, na miti inayobaki ni migunga na vichaka vya miiba. Ngamia wanavuka barabara kwa mwendo wa watu wasio na haraka. Ukifika Madogo unateremka kidogo, unavuka daraja, na huo chini yako, mpana na wenye rangi ya chai ya maziwa, ndio Mto Tana. Ng'ambo ya daraja ni Garissa.

Mji huu ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Mashariki kabla ya kaunti kuanza kazi mwaka 2013. Siku hizi ni makao ya Kaunti ya Garissa, na katika sensa ya mwaka 2019 ulihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 160,000. Joto lake halina mzaha. Ni jambo la kawaida kipimo kupita nyuzi 35, na mvua ya mwaka mzima ni kidogo. Mitaa yake huitwa bulla: Bulla Iftin, Bulla Punda na nyinginezo. Kuna Soko Mugdi, jina ambalo maana yake ni soko la giza, ambamo vitambaa, manukato na vyombo vimepangwa hadi darini. Na juu ya majalala ya mji wamesimama korongo wakubwa wenye vipara, wakisubiri mabaki kama makarani wanaosubiri mshahara.

Hao korongo ndio watakaotuongoza leo. Mahali wanaposimama ndipo palipo na mambo ninayotaka tuyatazame: mifupa, maganda, na takataka nyingine ambazo mji unazitupa bila kujua kwamba zina thamani.

MJI UNAOKUNYWA MTO

Tembea asubuhi kwenye mitaa ya Garissa na utakutana na mikokoteni ya punda iliyobeba mapipa ya maji. Wapo wenye mifereji nyumbani, ambao maji yao yanatoka Tana na kupitia kwenye mitambo ya kusafishia, yakatiwa shabu ili tope lishuke na klorini ili vijidudu vife. Wapo pia wanaongojea mkokoteni. Mvua zinapoanza, mama mwenye nyumba humwuliza kijana mwenye punda, "Walaal, maji ya leo mbona mazito?" Walaal ni ndugu kwa Kisomali. Naye kijana hujibu, "Mama, huko juu kumenyesha."

Huko juu kumenyesha. Maneno hayo machache yana elimu kubwa ndani yake. Garissa yenyewe inaweza kuwa haijaona wingu kwa miezi, lakini mto ukabadilika rangi na kujaa hadi kuvunja kingo. Mwishoni mwa mwaka 2023, na tena Aprili na Mei 2024, maji ya Tana yaliikata barabara kati ya Madogo na Garissa, watu wakavushwa kwa mashua mahali ambapo magari yalipita jana yake. Kila mtu wa Garissa anajua kwamba yanayotendwa mbali, mlimani, humfikia yeye.

Na mbali huko ni wapi? Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, karibu kilomita 1,000 kutoka chemchemi zake hadi Kipini kwenye Bahari ya Hindi. Unaanzia kwenye Milima ya Nyandarua na Mlima Kenya. Unakusanya mito ya Nyeri, Murang'a, Kirinyaga na Embu. Mto Thika, ambao hukutana na Chania pale pale mjini Thika, nao unaingia kwenye Tana katika bwawa la Masinga. Kwa hiyo, msomaji, ukipita Thika kwenye basi la Garissa, maji unayoyaona chini ya daraja yanasafiri kuelekea unakokwenda wewe, ila yanashika njia yao.

Thika ni mji wa viwanda tangu zama. Kuna viwanda vya nguo, vya vyakula, vya vyuma, vya kuunganisha magari na vya ngozi. Juu yake kuna mashamba ya kahawa, ambamo kwa miaka mingi wakulima wamenyunyiza dawa zenye madini ya shaba ili kuukinga mmea na kutu ya majani na ugonjwa wa matunda. Katika kila mji kuna mafundi wa magari wanaofungua betri kuukuu. Yote hayo yako upande wa juu wa mto. Garissa iko upande wa chini.

SAFARI YA NGOZI

Sasa tuitazame biashara inayoifunga Garissa na Thika kwa kamba moja. Soko la mifugo la Garissa ni miongoni mwa masoko makubwa kabisa katika sehemu hii ya Afrika. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia huletwa kutoka Wajir, Mandera, vijiji vya mpakani na hata ng'ambo ya mpaka. Wengine hupakiwa kwenye malori kwenda Nairobi na Mombasa, wengine huchinjwa papo hapo.

Mnyama akichinjwa, nyama ina mwenyewe, na ngozi ina mwenyewe. Ngozi hupakwa chumvi au huanikwa ikakauka, ikapakiwa kwenye lori na kupelekwa bara, kwenye viwanda vya kutengenezea ngozi. Huko hulowekwa, hunyolewa manyoya kwa chokaa, kisha hutiwa kwenye mapipa makubwa yanayozunguka, yenye maji ya chumvi za kromiamu. Kromiamu ni metali. Ndiyo inayoifanya ngozi isioze, ikawa laini na ya kudumu, na ndiyo inayoipa ile rangi ya samawati kabla haijapakwa rangi ya kiatu. Viatu vingi vya ngozi tunavyovaa, mikoba na mishipi, vimepitia humo.

Lakini ngozi hainywi kromiamu yote. Katika utaratibu wa kawaida, karibu thuluthi moja ya kromiamu iliyotiwa hubaki ndani ya maji. Maji hayo lazima yaende mahali. Kiwanda chenye mtambo mzuri huyasafisha. Kiwanda kisicho na mtambo, au chenye mtambo uliolala, huyaachilia, na maji yakishaachiliwa hayajui njia nyingine ila mteremko.

Hapo ndipo hadithi inapozunguka. Ngozi hupanda kwa lori kutoka Garissa, na maji hushuka kwa mto kuelekea Garissa. Aliyemfuga ng'ombe anaweza kurudishiwa sehemu ya gharama ya kiatu ambacho hakukivaa.

SUMU ISIYO NA RANGI

Wasomaji wengine watauliza: mbona tunaogopa metali na hali tunapika kwa sufuria na kulima kwa jembe? Tofauti ni hii. Metali iliyoyeyuka ndani ya maji huingia mwilini, na baadhi ya metali mwili haujui namna ya kuzitoa. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na madhara yake hayarudi nyuma. Kadimiamu hukaa kwenye figo kwa miaka mingi. Zebaki hushambulia mishipa ya fahamu. Kromiamu ina sura mbili: ile inayotumiwa kwenye ngozi ina ukali mdogo, lakini inaweza kugeuka kuwa sura ya pili, ambayo husababisha saratani.

Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha risasi katika maji ya kunywa kuwa mikrogramu 10 kwa lita moja. Hebu tupige hesabu, watoto wa shule wachukue kalamu. Gramu moja ina mikrogramu milioni moja. Kwa hiyo gramu moja tu ya risasi inatosha kuyafikisha kwenye kipimo hicho maji lita 100,000, yaani malori kumi ya maji yenye kubeba lita 10,000 kila moja. Na betri moja ya gari ina kilo kadhaa za risasi.

Dunia imeshapewa fundisho. Kule Minamata, Japani, ugonjwa wa ajabu uligunduliwa rasmi mwaka 1956, na chanzo chake kikaja kuonekana kuwa zebaki ya kiwandani iliyoingia baharini, samaki wakaila, na watu wakala samaki. Hapa nyumbani tunayo Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa uliopakana na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Kiwanda kilianza mwaka 2007 na kufungwa mwaka 2014, na watoto wakaachwa na risasi kwenye damu. Mama mmoja, Phyllis Omido, alisimama kidete, akatunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na shauri likaendelea kupanda mahakama za juu. Hesabu hiyo ya pesa huenda ni kubwa kuliko bei ya mtambo wa kusafishia ambao ungewekwa mapema. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.

Tusimtie mtu hofu bure. Garissa iko mbali na Thika, na metali nyingi hupenda kung'ang'ania tope. Bwawa la Masinga, lililokamilishwa mwaka 1981, pamoja na mengine yanayofuata, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, hulishika tope jingi kabla mto haujafika nyikani. Lakini bwawa si kichujio cha milele. Tope hujaa humo mwaka baada ya mwaka, na lililolala leo laweza kuamshwa na mafuriko kesho. Tena mtu wa Garissa hana mto wa pili wa kukimbilia. Ukiondoka kwenye kingo za Tana unaingia nchi ya visima virefu na mabwawa ya mvua, na visima vingi vina maji ya chumvi.

Jambo la kukumbuka nyumbani ni hili: tope huonekana, risasi haionekani. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi metali. Maji yakipungua kwa mvuke, metali hubaki ndani ya sufuria, tena imekolea zaidi. Klorini nayo haiiondoi.

PENYE MITI HAPANA WAJENZI

Njia ya kawaida ya kiwanda kuondoa metali ni kutia chokaa au dawa nyingine ya kupunguza ukali wa tindikali. Metali ikikosa tindikali huganda, hushuka chini kama tope, na maji ya juu yanatolewa. Ni njia nzuri, lakini kuna mabaki madogo ambayo hayashuki, na mabaki hayo ndiyo yanayohitaji mitambo ya bei ghali inayoagizwa ng'ambo. Hapo ndipo viwanda vidogo hushika kiuno na kusema hakuna fedha.

Wataalamu wa kemia wamekuwa wakitafuta kitu rahisi cha kuyanasa mabaki hayo, na wamekipata mahali ambapo korongo wa Garissa walikuwa wamesimama siku zote: kwenye jalala.

Chukua ganda la ndizi. Mashamba ya kingo za Tana, kuanzia Garissa kushuka chini, yanatoa ndizi, maembe, malimau na matikiti. Ganda hutupwa. Lakini ganda lina asidi nyepesi zilizofungamana na nyuzi zake, na asidi hizo zina chaji hasi. Metali iliyoyeyuka, kama risasi au shaba, ina chaji chanya. Hasi na chanya huvutana. Maji yakipita kwenye unga wa maganda, metali hunasa kama miiba ya mgunga inavyonasa nguo. Mwaka 2011 watafiti wa Brazil walitangaza kwamba walikausha maganda ya ndizi, wakayasaga, na kuyatumia kunasa shaba na risasi katika maji ya Mto Paraná. Tena waliweza kuyatumia maganda yale yale mara nyingi kabla hayajachoka.

Chukua mathenge. Hakuna mtu wa Garissa asiyeujua mti huo wa miiba. Uliletwa Kenya katika miaka ya 1970, ukapandwa Bamburi karibu na Mombasa, kisha katika miaka ya 1980 ukapandwa sehemu kavu kama Baringo na kandokando ya Tana ili kuzuia jangwa. Ukakubali kupita kiasi. Ukafunga njia, ukaziba malisho, na maganda yake matamu yakawaharibu mbuzi meno. Mwaka 2006 wakazi wa Baringo waliipeleka serikali mahakamani kwa ajili ya mti huo, na mbuzi asiye na meno akaletwa awe shahidi. Sasa mathenge huchomwa makaa. Vumbi la makaa hayo, lile linalobaki chini ya gunia na kutupwa, lina vitundu vidogo visivyohesabika, na kila kitundu ni chumba cha kunasia. Majaribio ya maabara nchini India, ambako mti huo umeenea vilevile, yameonyesha kwamba makaa yake yakitayarishwa vizuri hunasa metali kadhaa.

Chukua mbegu za mlonge. Wanawake wa kando ya Nile nchini Sudan wametumia mbegu hizo zilizopondwa kutuliza maji yenye tope, na mtaalamu Samia Al Azharia Jahn alizichunguza kwa miaka mingi na kuieleza dunia namna zinavyofanya kazi. Protini ya mbegu hukusanya chembe za tope, zikawa nzito, zikashuka. Tope likishuka, metali iliyolishikilia nayo hushuka. Kaskazini mwa Kenya ina aina zake za mlonge zinazostahimili ukame.

MFUPA KULIKO VYOTE

Lakini hazina kubwa ya Garissa, kwa maoni yangu, ni mfupa.

Penye soko la mifugo pana machinjio, na penye machinjio pana mifupa. Mfupa ni madini ya chokaa na fosforasi yaliyojengwa kwa ustadi. Ukichemshwa mafuta yakatoka, ukachomwa ndani ya tanuri lenye hewa kidogo kwa joto la nyuzi mia nne au mia tano hivi, hugeuka kuwa mkaa wa mifupa, mweusi na mwepesi. Ukiunguzwa kupita kiasi huwa mweupe na hupoteza nguvu nyingi. Usipoiva sawasawa huacha harufu na ladha mbaya. Ndiyo sababu ni kazi ya tanuri na fundi, si kazi ya jiko la nyuma ya nyumba.

Mkaa wa mifupa si jambo geni. Katika karne ya 19 viwanda vya sukari huko Ulaya viliutumia kuichuja sukari ikawa nyeupe. Na hapa Kenya, Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imeutumia kwa miaka mingi kuondoa floraidi, ile chumvi ya maji ya Bonde la Ufa inayotia meno rangi ya kahawia na kupinda mifupa ya watoto. Tanzania nayo ina kituo cha Ngurdoto, karibu na Arusha, kinachoshughulikia tatizo hilo hilo kwa mkaa huo huo. Floraidi si metali, lakini mfupa unaoinasa floraidi hunasa pia risasi na kadimiamu. Risasi hubadilishana mahali na chokaa ya mfupa, ikashikamana na fosforasi, ikageuka kuwa jiwe ambalo ni vigumu sana kuyeyuka tena.

Kule kwingine mradi wa mkaa wa mifupa huulizwa swali la haki: mifupa hii ni ya mnyama gani, na alichinjwa vipi? Garissa ina jibu lililo tayari. Machinjio yake ni ya Waislamu, na wanyama ni ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia. Mfupa wa Garissa unaweza kuchuja maji ya Mwislamu na ya Mkristo bila mtu kukunja uso.

MASHARTI YA DAWA RAHISI

Jambo jema lisifichiwe masharti yake, na haya hapa ni matatu.

Kwanza, kila metali ina tabia yake. Maji yakiwa na tindikali kali mno, haidrojeni iliyojaa humo huwahi kukalia nafasi kwenye ganda, na metali hukosa pa kushika. Kromiamu ile kali ina chaji hasi, kwa hiyo mambo hugeuka: hunaswa vizuri zaidi palipo na tindikali, na vitu vya mimea huipunguza ukali. Basi kiwanda lazima kipime maji yake kwanza. Haitoshi kumwaga maganda na kuomba heri.

Pili, kichujio kikishiba si takataka tena, ni sumu. Unga wa ndizi uliojaa risasi ukitupwa jalalani, mvua itairudisha risasi mtoni na korongo watakanyaga juu yake. Lazima uoshwe kwa asidi na metali ivunwe, au ufukiwe mahali palipojengwa kwa kazi hiyo. Mwenye kiwanda cha ngozi akivuna kromiamu yake anaweza kuitumia tena, akaokoa fedha.

Tatu, mahali pa kuchujia ni langoni mwa kiwanda, wala si jikoni kwa mama wa Bulla Punda. Langoni maji ni kidogo na sumu imekolea, kwa hiyo kunasa ni rahisi. Mtoni maji ni mengi na sumu imetawanyika, na hakuna gunia la mkaa litakaloutosha Mto Tana. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 na kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 ziliweka mzigo huo mahali pake: anayechafua ndiye anayesafisha.

LORI LIBEBE VYOTE VIWILI

Tukitazama bonde lote la Tana kwa jicho moja, tunaona kila mji una dawa yake mlangoni. Thika ina maganda ya kahawa, maganda magumu ya makadamia na mabaki ya mananasi. Mwea ina vilima vya makapi ya mpunga. Garissa ina mifupa na vumbi la mathenge. Na lori lipo tayari. Lori lile lile linalobeba ngozi kwenda viwandani lingeweza kubeba na magunia ya mkaa wa mifupa, ili ngozi ya Garissa isafishiwe maji yake kwa mfupa wa Garissa. Vijana wa mji wangepata kazi kwenye matanuri, machinjio yangepungukiwa na harufu, na mto ungeshuka ukiwa na mzigo mwepesi.

Chuo Kikuu cha Garissa, ambacho taifa zima lilikililia baada ya mauaji ya tarehe 2 Aprili 2015, kilifunguliwa tena na kupewa hati ya chuo kikuu kamili mwaka 2017. Kiko katika mji huu huu wa mtoni. Swali la mfupa gani unanasa nini, na kwa muda gani, ni swali linalomfaa mwanafunzi wa kemia anayelala na kuamka kando ya Tana.

Nanyi wanafunzi wa mijini msibaki watazamaji. Chukueni chupa ya plastiki, mkate kitako chake, igeuzeni mdomo chini. Tieni pamba mdomoni, kisha mchanga uliooshwa, kisha makaa yaliyosagwa na kuoshwa, kisha mchanga tena. Mimineni polepole maji yenye matone machache ya wino, na mtazame rangi inayotoka chini. Rudieni mara nyingi mhesabu ni lini makaa yatachoka na wino kuanza kupita. Msiyanywe maji hayo, maana hilo ni somo tu, si maji ya mezani. Lakini mtakuwa mmeona kwa macho yenu jambo ambalo kwa metali halionekani.

Na kila mwenye kiatu cha ngozi mguuni akumbuke kwamba huenda kilianza safari yake chini ya mgunga, nyuma ya Garissa, kikiwa juu ya mgongo wa ng'ombe aliyekunywa Mto Tana. Ng'ombe wengine bado wanaunywa mto huo, na wachungaji wao pia.